Shaaban Robert: karani, msomaji, mwandishi
(Somo moja kwa sisi wa Bunia)

Kila mwaka tunapofika kwenye somo la waandishi wa Afrika, kuna swali moja ambalo halipatikani katika programu ya serikali lakini linarudi kila mara. Mwanafunzi ananyoosha kidole na kusema: "Mwalimu, huyu mutu alikuwa anaandika saa ngapi?" Wengine wanacheka. Sisi walimu tunajibu mbiombio, kisha tunaendelea na tarehe za kuzaliwa na majina ya vitabu. Lakini swali lile si la mchezo. Kijana wa Bunia anafikiri kama mwandishi ni mtu wa namna nyingine: ana nyumba ya kimya, ana umeme usiku mzima, ana vitabu mpaka darini, na hana shida ya kutafuta chakula cha watoto. Na kwa sababu kijana huyo hajaona mtu wa namna hiyo kwenye mtaa wao, anamaliza kwa kusema: kuandika si kazi yetu.

Katika maandishi haya tumekusudia kulijibu swali hilo kwa kumwangalia mtu mmoja, Shaaban Robert. Tutaangalia alivyoishi, vitu alivyosoma, vitu alivyopenda, na pia mahali ambapo sisi hatukubaliani naye. Mtu anaweza kuuliza: habari ya mwandishi wa Tanganyika inafanya nini ndani ya kitabu cha mila na desturi za kwetu? Jibu letu ni kwamba mila si ngoma, mkuki na mahari peke yake. Kusimulia ni mila. Kumpa mtoto wasia kabla ya kuolewa ni mila. Kumsema mkubwa kwa mafumbo ili asikukamate, hiyo pia ni mila. Na huyu mtu alifanya haya yote kwa biki na karatasi, katika lugha ambayo tunaitumia sokoni, kanisani, msikitini na kwenye radio.

1. Mtu wa bilo

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, kwenye pwani ya Tanganyika. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926. Hakwenda chuo kikuu. Mwaka ule ule wa 1926 aliingia kazi ya serikali ya Waingereza kama karani wa forodha, yaani dwane kama tunavyosema huku kwetu, na akabaki huko mpaka 1944. Baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyama, kisha katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Alihamishwa mara kwa mara: leo Pangani, kesho Mpwapwa, mbali kabisa na bahari. Aliacha kazi ya serikali mwaka 1960, na alikufa mwezi wa Juni 1962, akiwa na miaka 53, wakati uhuru wa nchi yake haujafikisha hata mwaka mmoja.

Tuhesabu pamoja. Miaka zaidi ya 30 ndani ya bilo, na vitabu zaidi ya 20. Njo maana tunasema jibu la swali la mwanafunzi liko ndani ya hesabu hiyo. Saa za mchana hazikuwa zake, zilikuwa za serikali. Aliandika katika saa zilizobaki. Mtu aliyekuwa anahesabu mizigo ya watu wengine asubuhi, jioni alikuwa anahesabu mizani ya mashairi yake. Sisi tunaosahihisha kaye 60 kila juma na bado tunasema "hatuna wakati", inafaa tunyamaze kidogo mbele ya mtu huyu.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Karani wa wakati ule alikuwa mtu wa katikati. Wazungu walimwona kama mtumishi, na wanakijiji walimwona kama mtu wa serikali. Alijua siri za wote wawili, lakini hakuwa na ruhusa ya kuzisema. Kwetu pia, wakati wa Wabelgiji, makarani na wale walioitwa "évolués" waliishi katika hali hiyo. Mtu wa namna hii anajifunza kusema kwa kuzunguka. Hatuwezi kuelewa ladha ya Shaaban Robert kama tunasahau kiti alichokuwa anakalia.

2. Alisoma nini?

Mtu akitaka kujua mpishi alitoka wapi, aonje mchuzi wake. Vitabu vya Shaaban Robert vinaonyesha wazi alisoma nini.

Kwanza, alisoma gazeti. Mambo Leo, jarida la Kiswahili lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa linatoa mashairi ya wasomaji, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wa watu waliopeleka mashairi yao huko. Hiyo ilikuwa shule kubwa. Mtu wa Tanga analeta shairi, mwingine wa mji wa mbali anamjibu, na wengine wote wanasoma. Mwandishi hakuzaliwa peke yake chumbani, alizaliwa kati ya watu wanaojibizana.

Pili, alisoma tenzi za wazee wa pwani. Utenzi una sheria yake: ubeti una vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya kwanza vinalingana kwa sauti, na cha nne kinashika sauti moja tangu mwanzo mpaka mwisho wa utenzi wote. Wazee walitumia mtindo huu kwa habari za dini na vita vya zamani. Shaaban Robert alichukua sheria ile ile na kuingiza ndani yake vita vya dunia vya 1939 mpaka 1945. Utenzi wa Vita vya Uhuru una beti zipatazo 3,000, yaani vipande karibu 12,000. Mtu akiandika ubeti mmoja kila siku bila kupumzika, atamaliza baada ya miaka zaidi ya minane. Mambo yenyewe, Hitler, Mussolini, miji iliyoanguka, yalikuwa yale ya magazeti na ya radio. Hapa tunaona tabia yake ya kusoma: hakusoma ili asahau. Habari ya asubuhi ilikuwa chakula cha shairi la usiku.

Tatu, alisoma Alfu Lela Ulela, zile hadithi za usiku elfu na moja. Adili na Nduguze, kitabu chake cha 1952, kimetoka katika hadithi moja ya humo, ile ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake. Wengine wanamlaumu hapa, wanasema aliiba. Sisi tunasema hapana, tuangalie alichobadilisha. Katika hadithi ya Waarabu, ndugu wabaya wanageuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert wanageuzwa manyani. Mtu wa mjini anaweza kuona kama ni kitu kidogo. Lakini muulize mama mwenye shamba la mahindi: nyani ana mikono kama mtu, ana macho kama mtu, na anaiba kama mtu. Ndugu mwenye wivu aliyegeuka nyani ni mfano ambao Mwafrika mkulima anauelewa bila kufafanuliwa.

Badiliko kubwa zaidi liko mwishoni. Katika hadithi ya zamani ndugu wale wanapona, wanarudia ubaya wao, na wanauawa. Kwa Shaaban Robert hadithi inaelekea kwenye msamaha: ndugu wanarudishiwa umbo la mtu na wanapewa nafasi ya kuishi vizuri. Msomaji wa Ituri hawezi kupita hapa kwa haraka. Sisi tumeona, hasa kati ya 1999 na 2003, na tena baada ya 2017, namna jirani anavyogeuzwa mnyama kwa maneno kabla ya kushambuliwa kwa panga. Mwandishi alikuwa na mwisho tayari mkononi, mwisho wa kulipiza kisasi, na hakuutaka. Mtu anayesoma hivyo anahukumu kile anachosoma.

Nne, alisoma Kiingereza. Kwa njia ya Kiingereza, kupitia tafsiri maarufu ya FitzGerald, alimfikia Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, na akatoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952. Jambo hili linatushangaza kila mara. Khayyam ni mshairi wa divai, wa mashaka, wa kusema maisha ni mafupi na kesho haijulikani. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, mtu wa adili, mtu wa kuonya. Wawili hawa walikutana wapi? Sisi tunafikiri walikutana katika huzuni. Katika Maisha Yangu (1949) Shaaban Robert anaeleza kifo cha mke wake wa kwanza, na shairi la Amina alilomwandikia ni kati ya yale yanayokumbukwa zaidi. Mtu aliyezika mke akiwa bado kijana anaweza kumsikiliza Khayyam bila kunywa divai yake. Basi wale wanaosema Shaaban Robert alikuwa mhubiri tu, waeleze kwanza sababu gani alikaa muda mrefu na mtu mwenye mashaka namna ile.

3. Alipenda nini?

Tukitaka kutaja vitu alivyovipenda, tutaanza na sauti ya mwimbaji. Siti binti Saad alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, kwa watu maskini. Aliuza vyungu akitembea. Baadaye akawa mwimbaji mkubwa wa taarab, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, India, katika Kiswahili. Alikufa 1950. Shaaban Robert aliandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotolewa 1958. Tufikiri kidogo. Mwandishi mwenye jina angeweza kuandika habari za sultani, za gavana, ama za sheki mkubwa. Yeye alichagua mwanamke muuza vyungu. Ladha ya mtu inaonekana pale anapokuwa huru kuchagua.

Kitu cha pili ni kazi ya mikono na bustani. Katika Utubora Mkulima, Utubora ana kazi nzuri ya bilo Unguja, na anaiacha. Anarudi kijijini, Busutamu, kulima. Watu wanamshangaa. Huyo ni karani anayeota shamba. Kila mtumishi wa serikali anayesoma kitabu hiki hapa Bunia, akingoja mshahara usiofika, ataelewa ndoto ile. Ila tuseme ukweli: Utubora analima kama mtu wa hadithi. Hatuoni mgongo ukiuma, hatuoni ugonjwa wa mihogo. Mwandishi alipenda shamba kwa kulitazama kutoka dirisha la ofisi.

Kitu cha tatu ni haki ya kusema. Kusadikika (1951) ni habari ya nchi inayoelea hewani. Mtu mmoja, Karama, anashitakiwa na waziri Majivuno kwa sababu anataka kufundisha watu uanasheria. Karama anajitetea kwa njia gani? Anasimulia. Anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, kutafuta mambo mema ya kuijenga nchi. Kila mmoja alipata shida, alirudi na elimu, na malipo yake yakawa kifungo.

Tumesoma kitabu hiki darasani mara nyingi. Mwanzoni wanafunzi wanacheka: nchi iko hewani, watu wake hawaanguki? Wakifika kwa mjumbe wa tatu, kicheko kinapungua. Siku moja msichana mmoja aliuliza: "Lakini mwalimu, kama wa kwanza alifungwa, sababu gani wa pili alikubali kwenda?" Darasa lote lilinyamaza. Hatukuwa na jibu la kitabu. Tulimwambia tu kwamba swali hilo ndilo mwandishi alitaka aulize. Tukumbuke mwaka: 1951, chini ya Mwingereza, mtu wa ofisi ya serikali anaandika habari ya serikali inayofunga watu wenye elimu. Kama angetaja Tanganyika, tungekuwa na mfungwa mmoja zaidi, ama tungekosa kitabu. Alipeleka nchi hewani, na kitabu kikapita.

Hapa njo tunakutana na mila zetu wenyewe. Wazee waliosimulia habari za sungura na fisi pembeni ya moto hawakuwa wanafundisha habari za wanyama. Walikuwa wanamsema chifu, shemeji, ama jirani mchoyo, na mwenyewe akiwa ameketi hapo hapo. Akikasirika, amejitaja. Shaaban Robert alivaa kanzu ya kalamu, lakini ufundi ule ni wa motoni.

4. Pale tusipokubaliana naye

Uhakiki usio na lawama ni salamu tu. Tuna lawama tatu.

Ya kwanza: watu wake. Adili ni mwadilifu, Majivuno anajivuna, Utubora ana utu bora, na kadhalika. Ukisikia jina umekwisha kujua mwisho. Ni kweli kwamba kwetu pia majina yanahubiri. Katika darasa moja tunaye Mateso, tunaye Bahati, tunaye Neema, tunaye Dieudonné. Lakini Mateso wetu ndiye anayechekesha darasa zima, na Neema anaweza kugombana! Mtu ni mkubwa kuliko jina lake. Euphrase Kezilahabi, aliyeandika tasnifu juu ya riwaya za Shaaban Robert katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, alikuwa tayari ametoa riwaya yake Rosa Mistika (1971), ambamo mema na mabaya yamechanganyika ndani ya mtu mmoja. Mwanafunzi alitembea njia nyingine kuliko ya mzee wake, na alifanya vizuri.

Ya pili: habari ya wanawake. Ndani ya Maisha Yangu kuna tenzi mbili za wasia, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwana wake wa kiume. Ni mila nzuri, na sisi hatuidharau. Hata hivyo, wasia wa binti unamfunga zaidi nyumbani na katika utii kwa mume. Tulipousoma darasani wasichana walipinga, na tuliwaacha wapinge. Ajabu ni kwamba mtu huyu huyu ndiye aliyeandika habari za Siti, mwanamke aliyetoka nyumbani na kwenda mbali kwa sauti yake. Kama baba aliogopa, kama mwandishi alishangilia. Kuna wababa wengi wa hivi hapa Bunia: wanasifu mwanamke mwakili kwenye radio, na wanamkataza binti yao kuendelea na masomo.

Ya tatu: vita. Utenzi wa Vita vya Uhuru ni kazi kubwa sana, lakini anaona vita kwa macho ya gazeti la mtawala. Askari Waafrika walikufa mbali na kwao kwa ugomvi wa watu wengine. Kutoka Kongo pia, askari wa Force Publique walipelekwa Abisinia na walipigana mpaka Saio mwaka 1941. Tungependa kusikia mtu wa chini mwenyewe akisema. Msomaji mzuri kama yeye alipaswa kulitilia gazeti mashaka, kama alivyoitilia mashaka hadithi ya usiku elfu na moja.

5. Kiswahili chake na Kiswahili chetu

Wenzetu wengi wanatuambia: "Kile Kiswahili ni cha pwani, chetu ni kibaya." Maneno haya yanatuumiza, kwa sababu yanamfunga mtoto mdomo kabla hajaanza. Ni kweli tunasema bilo, dwane, kaye, biki. Lakini yeye pia aliandika kwa maneno yaliyokuja kwa jahazi: adili, karama, fadhili, wasifu, yote yametoka Uarabuni. Lugha ya mtu wa bandarini inaokota vitu vya bandarini. Lugha ya mtu wa Bunia inaokota vitu vya njia ya Mahagi, ya Kisangani na ya Beni. Aibu iko pale ambapo mtu hajui anachotaka kusema.

Tena, si kweli kwamba Kiswahili cha Kongo hakikuandikwa. Mwaka 1965 mtu mmoja anayeitwa André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya mji wa Élisabethville kama ilivyoonwa na watumishi wa nyumba za Wazungu. Hakungoja kusahihishwa na mtu wa Unguja. Leo wataalamu wa nchi za mbali wanasoma maandishi yale kwa heshima. Na tangu 2022 Umoja wa Afrika unakihesabu Kiswahili kati ya lugha zake za kazi, na nchi yetu imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo. Mlango umefunguka, lakini mtoto wetu bado anafundishwa kuona haya.

Ila tusijidanganye upande wa pili. Shaaban Robert alijifunza lugha yake kwa bidii. Aliandika insha, kama zile za Kielezo cha Insha (1954), ili kuonyesha wengine njia. Kupenda lugha yetu hakumaanishi kuandika ovyo. Mtoto aandike "bilo" kama anataka, lakini sentensi yake isimame.

6. Kwa kumaliza

Kuna kitu kimoja katika maisha ya mtu huyu ambacho tumekiweka mwisho makusudi. Tangu 1931 mpaka 1958 alikuwa anamwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge. Ndugu yule alizitunza, na mwaka 2002 zilitolewa kama kitabu huko Dar es Salaam na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Barua za ndugu kwa ndugu, miaka 27. Hakuna aliyemlipa kwa kuziandika, na hakuna aliyemlipa Yusuf kwa kuziweka. Bila sanduku lile tungekosa sauti ya mtu akiwa hajavaa nguo za kitabu.

Hapa Bunia, masanduku mengi yameungua. Nyumba zimechomwa, watu wamekimbia na watoto mgongoni, na karatasi zimebaki nyuma. Sisi wenyewe tunajua familia ambazo hazina hata picha moja ya babu. Na wazee waliobeba hadithi kichwani wanaendelea kuondoka, wengine wakiwa katika kambi za wakimbizi wa ndani, mahali ambapo moto wa kusimulia haupo tena, upo wa kupikia tu. Shaaban Robert aliandika vita ambayo aliisikia kwa mbali. Sisi tumeisikia ya kwetu kwa karibu, na mpaka sasa tumeandika kidogo sana.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wanachama wa ushirika wetu kitu kidogo kinachowezekana. Kila mwalimu anunue kaye moja ya kurasa 100. Amwendee mzee mmoja, wa kabila lake ama la jirani, na ingefaa zaidi wa jirani. Aandike hadithi moja jinsi ilivyosemwa, kwa maneno ya msemaji, na aweke juu jina la msemaji kama amekubali, kijiji na tarehe. Kaye ya pili iwe nakala, na iwekwe nyumba nyingine. Tukifikisha 20, tutazisoma pamoja.

Na yule mwanafunzi aliyeuliza saa ya kuandika, sasa tunaweza kumjibu bila kukimbia. Aliandika baada ya kazi, mwanangu. Aliandika akiwa amechoka.